Mikono ya Nana Ndani ya Miwani

Jumatatu, 14 Aprili

Leo nimemvalisha bibi yangu, Nana Otuwa, ile miwani ya uhalisia pepe! Oware, bao letu ambalo ofisini tunahangaika nalo mwaka wa pili huu, sasa linachezeka humo ndani. Nana hajagusa kete tangu mikono ianze kumtetemeka. Zinamwagika, watu wanamwonea huruma, na huruma hataki hata kuisikia. Mpinzani wake, Egya Bentsil, anarudi kutoka Takoradi kwa Pasaka. Nataka amkute Nana kwenye bao. Basi!

Akatazama chini, akaniita kwa ukelele. "Aba! Nani kanikata mikono?" Alikuwa anaona rimoti mbili tu zinaelea hewani. Nimecheka mpaka chozi. Lakini ana haki.

Jumanne, 15 Aprili

Rimoti ziko kabatini. Kamera za miwani zinafuata vidole vyenyewe, na mkono nauchora mimi. Wa kwanza ulikuwa na rangi ya uji. Nana: huu wa nani, mimi bado niko hai. Nikaupaka weusi wake, nikaongeza pete, na lile kovu la mafuta ya kukaangia samaki. Akaugeuza, akaugeuza. Akaupungia!

Ila unatetemeka, maana na wake unatetemeka. Kesho nautuliza.

Alhamisi, 17 Aprili

UMETULIA! Nana kasambaza kete shimo kwa shimo, hakuna iliyomwagika. Halafu akaanza wimbo wa kanisani, kwa sauti ile nyororo — nikajifanya natafuta chaja, nisimlilie pale.

Lalamiko moja tu. Mkono unashika kete zote kwa pamoja na kuziachia. Anataka kidole kidogo kiweze kubana kete peke yake. Nikauliza cha nini. "We mtoto, bao kakufundisha nani?" Haya. Nimemtengenezea.

Jumamosi, 19 Aprili

Naandika huku wanacheza. Wako barazani, kila mmoja na miwani yake, mimi nafuatilia kwenye kompyuta. Egya kaja na dharau zake zote. "Otuwa, nasikia umestaafu." Nana: "Nilikuwa nakupumzisha, usije ukafa kwa aibu."

Kisha Egya akanyoosha mkono. Ukatetemeka. Kuliko wa Nana! Hakuwahi kumwambia mtu. Kete zikatapakaa. Wake sikuwa nimeutuliza — ningejuaje? Nikaona nimeshaharibu kila kitu. Nikamwambia pole pole kwamba naweza kuurekebisha. Nana akadakia:

"Mwache mzee wa watu. Na kwangu zima hicho kitulizo. Tucheze kwa mikono yetu."

Nikazima. Sasa ni vurugu tupu! Kete zinaruka, wanaokota, wanatukanana, Egya kavua miwani afute machozi ya kicheko. Karanga nilizowaletea hakuna aliyezigusa. Nina furaha jamani, sijui niiweke wapi.

Ngoja. Kete za Nana zimemwagika tena — mbona safari hii zimemwagika vizuri hivi? Kidole kidogo hakijafunguka. Nakiona hapa kwenye skrini, kimebana kete moja. Hakitetemeki hata chembe. Alaa! Nana!

Egya kahesabu. Kahesabu tena. "Aba, wewe unayeona kila kitu huko — zimetimia hizi?"

Nana kanigeuzia uso. Hanioni, ana miwani.

"Mjibu Egya, mjukuu wangu," anasema, kwa sauti ile ile ya kanisani.