Maoni ya Wachezaji Niliyokusomea

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa penye hewa, umeshakunywa chai, na hakuna anayekuharakisha. Habari za macho sikuulizi, maana najua utanijibu kwamba macho yameshastaafu na hayadai pensheni. Nauliza magoti, nauliza usingizi, nauliza kile kikohozi cha asubuhi. Wifi hajambo? Na binti yako, ambaye sasa hivi ananiazima sauti yake, hajambo? Sisi huku wazima. Mume wangu amerudi kazini baada ya mgongo kumlaza wiki mbili, watoto wanakula kama mchwa, nami bado napiga chapa kwa wakili yule yule, kwenye meza ile ile yenye mguu mmoja mfupi.

Nimemwomba binti yako akusomee yeye, si mama yake. Wifi namjua, akifika penye uchungu atatia sukari. Binti nimemwambia asome polepole, kama ilivyoandikwa, hata pale atakapoona haya. Ningeweza kukupigia simu, lakini ningesikia unavyovuta pumzi, na mimi nikisikia pumzi zako huanza kubadilisha maneno. Mbele utaelewa kwa nini nasema hivyo.

Nianze na msiba. Msumari tumemzika Jumamosi. Moyo ulimsimama asubuhi akiwa ameinama kufunga kamba za viatu, na mkewe alipotoka jikoni alidhani anatafuta kitu chini ya kiti. Watu hawakuwa wengi. Walikuja wale aliokuwa akiwatengenezea kompyuta, baadhi wakiwa na nguo za kazi, na kila mmoja alikuwa na kisa cha mashine iliyokufa ambayo marehemu aliifufua. Kuna mzee mmoja wa duka la vitabu alisema Msumari alimtengenezea ile ile mara nne, na kila mara alimshauri anunue nyingine, na kila mara akaitengeneza. Tulicheka kidogo, tukalia.

Nilipokupigia Alhamisi kukupa taarifa, ulisema, "Mtu aliyenidanganya wakati sioni, simwendei hata kaburini." Neno hilo limenikaa kifuani tangu siku hiyo. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimekwenda nalo mazishini. Ndilo lililonikalisha leo niandike.

Binti yako alikuwa chuoni miaka ile, na kwa kuwa ndiye anayesoma, niruhusu nieleze kidogo ili asitamke mambo asiyoyajua.

Baba yako, mwanangu, alichora ramani za barabara kwa miaka ishirini katika ofisi ya wapima ardhi. Msumari alikuwa fundi kompyuta. Jina hilo alipewa na baba yako, kwa kuwa alikuwa mwembamba na mbishi, ukimgonga ndipo anapozidi kuzama. Wawili hao walikodi chumba juu ya duka la rangi, wakaanza kutengeneza mchezo wa kompyuta walioupa jina la Mabonde Saba. Mchezaji anapewa bonde, watu kumi na mashoka. Anakata miti, anachimba mawe, anajenga mji, anafunza askari, na wakati huo huo adui naye anajenga upande wa pili wa kilima. Hakuna kungojeana zamu. Ukizubaa, umeliwa. Na vilima havikuwa picha bapa. Ungeweza kuizungusha nchi nzima, ukaitazama kwa juu, ukaitazama ubavuni, ukashuka mpaka ukaona maji yanavyopita kati ya mawe. Ukiuziba mto juu, mji wa adui kule chini unakauka.

Kaka, vilima vile ulivifinyanga kwa udongo. Macho yalikuwa yameanza kukimbia, daktari ameshasema ni presha ya macho, nawe ulituambia unaona kama mtu anayechungulia kupitia bomba. Ulikuwa ukikaa pale mezani, harufu ya rangi ikipanda kutoka dukani, unabonyeza udongo kwa vidole gumba, na Msumari anapima kila kilima kwa rula na kukihamishia kwenye kompyuta. Bomba lilipozibika kabisa, mabonde sita yalikuwa tayari. La saba ulilifinyanga gizani.

Kampuni iliyokubali kuutoa mchezo ilitupa muda. Watu wangeucheza ukiwa haujakamilika, waandike maoni yao, nasi tuurekebishe kufuatana na wanachosema. Ndipo uliponiita. Nikitoka kwa wakili saa tisa, nilipanda ngazi zile za chuma, nikakaa kwenye kompyuta ya dirishani, nikakusomea mpaka saa kumi na moja. Uliniambia, "Wachezaji ndio macho yangu sasa. Wakiona wao, nimeona mimi."

Unakumbuka maoni ya kwanza kabisa. Nilikusomea kwamba mchezo huu umetengenezwa na mtu anayeona mbali. Ulinirudishia mara tatu niyasome tena. Ulimpigia wifi ukamwambia. Mpaka leo nasikia ukimsimulia mgeni akija.

Baada ya hapo nilikuletea sifa kila siku. Wanapenda mito. Wanapenda sauti ya mashoka. Zaidi ya yote wanapenda mvua, jinsi inavyoanzia mlimani na kushuka. Ukaamua mvua ipewe nguvu zote. Msumari akawa anasema hapana, tuanze na daraja la bonde la tatu, askari wakifika pale wanasongamana na kuzunguka kama kuku waliokatwa vichwa, na kamera ikikaribia jabali inayumba mpaka watu wanaumwa kichwa. Wewe ukaniuliza kama kuna wanaolalamikia daraja. Nikasema wawili watatu, na hata hao wanaisifu mvua. Miezi minane, kaka, mliitengeneza mvua.

Siku mliyogombana nilikuwa nimekaa pale pale dirishani. Yeye alisema daraja litauua mchezo. Wewe ukasema anataka kukutawala kwa kuwa huoni, kwamba kila siku anazua kasoro ili umtegemee.

Msumari akasema, "Maoni nimeyasoma mwenyewe."

Ukamjibu, "Na mimi nimesomewa. Ondoka."

Akanigeukia. Hukuona alivyonitazama, ila mimi niliona. Nilishusha macho kwenye vitufe vya kompyuta. Akasimama hivyo kwa muda ambao ningeweza kuvua kiatu na kukivaa tena. Kisha akachukua mkoba wake na ile rula, akasema, "Basi, kaka, kama umesomewa," akashuka ngazi. Ukanipa mkono wako nikushike. Ukasema bora umebaki na damu yako.

Miezi mitano baadaye kampuni ilijitoa. Wachezaji walikuwa wameshaondoka, nawe hukuelewa wameondokaje ilhali walikuwa wanasifu. Kijana aliyekuwa anatuchorea picha za mchezo akapata kazi kwingine, chumba tukakirudisha kwa mwenye duka la rangi, nawe ukahamia kwa binti yako. Miaka miwili sasa umekuwa ukisema Msumari ndiye aliyetusemea vibaya kwa kampuni.

Kaka, aliyekudanganya wakati huoni ni mimi.

Maoni yale ya kwanza hayakusema ulivyosikia. Yalisema, "Mchezo huu umetengenezwa na mtu asiyeona." Huyo mchezaji hakukujua, alikuwa anatukana tu kama watu wanavyotukana. Lakini wewe ulikuwa umekaa hatua mbili kutoka kwangu, umevaa shati lako la kitenge ulilovaa makusudi kwa siku ile, umeshika ncha ya meza, unangoja. Ulimi wangu ulikataa. Nikabadilisha neno moja. Uso wako ulifunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ya daktari, nami nikadhani nimekupa dawa.

Kesho yake nilipanga kusema kweli. Maoni ya kesho yake yalikuwa mabaya zaidi. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda mwaka na miezi miwili. Nilianza kwa kulainisha, nikaja nikaruka, mwisho nikawa natunga. Ile mvua, kaka, niliitunga mimi. Siku moja nje kulikuwa kunanyesha, sikuwa na jambo zuri hata moja kwenye ukurasa, nikatazama dirishani nikasema wanaipenda mvua. Juzi nimehesabu walioandika kuhusu daraja la bonde la tatu. Ni mia mbili na kumi na sita. Wengi hawakuwa na ubaya. Walikuwa wanasema mchezo ni mzuri mno, tafadhali rekebisheni daraja. Ningeyasoma hayo tu, yangetosha. Lakini nilikuwa nimeshafika mahali ambapo hata neno zuri siwezi kulisoma, kwa sababu limeshikana na kweli.

Jumamosi, watu walipotawanyika, nilimfuata mjane jikoni. Alikuwa anasugua sufuria kubwa. Nilisimama nyuma yake nikamweleza yote, maana nisingeweza kumweleza nikimtazama. Hakuacha kusugua. Akasema alijua. Akasema jioni ile mumewe alipofukuzwa alimwambia kila kitu, naye alimuuliza kwa nini hakunitaja pale pale mbele yako. Msumari akamjibu, "Nikimtaja, atabaki na nani wa kumsomea?"

Halafu akanipa jambo la pili ambalo nalo lazima nikupe. Ukurasa ule wa maoni haukufungwa, wachache bado wanaucheza mchezo. Kuna mtu humo anajiita Kibarua. Tangu mwanzo alikuwa anawajibu wachezaji, mmoja mmoja, kwa upole. Mimi nilikuwa naliona jina hilo kila siku na nilikuwa naliruka, kwa kuwa huwezi kusoma jibu bila kusoma lalamiko lililojibiwa. Kibarua alikuwa Msumari. Yule aliyeandika kuhusu mtu asiyeona, alimjibu hivi, nakunukulia neno kwa neno: "Ndugu, ni kweli haoni. Vilima hivyo amevifinyanga kwa mikono yake, nami nimevipima. Usimtukane, tupe muda." Siku mbili baadaye mchezaji yule akaandika, "Samahani sana. Sikujua. Mwambieni kilima cha bonde la pili ni kizuri kuliko mlima wowote niliowahi kupanda."

Mwambieni, alisema. Sikukwambia.

Ulipomfukuza hakuacha. Aliwajibu mwezi baada ya mwezi, na mwaka huu akalitengeneza daraja peke yake nyumbani, akaliweka pale kama kiraka ili anayetaka achukue bure. Jibu lake la mwisho ni la Jumanne, siku moja kabla hajafa. Mchezaji alikuwa ameandika kwamba askari wake wote wamevuka kwa mara ya kwanza. Msumari akamwandikia kuwa mwenye mabonde akisikia hayo atafurahi.

Kwa hiyo nilikunyima vitu viwili. Nilikunyima matusi, na nilikunyima mtu aliyekuwa akikusimamia.

Katika bahasha hii nimeweka maoni yote niliyochapa ofisini kwa wakili baada ya saa za kazi, pamoja na majibu. Ni karatasi themanini na nne. Hakuna nililolainisha, hata yenye maneno machafu, na binti atanisamehe kwa hayo. Akusomee kadiri utakavyotaka, aache utakapotaka. Mimi sikuombi msamaha leo, kwa sababu ukinipa haraka nitajua umenipa kwa mazoea ya udugu, na ukininyima nitajua unanipa ninachostahili. Kaa nalo kwanza.

Kaburi ni la nne kutoka lango la makaburi, upande wa kulia, udongo wake bado haujashuka. Ukitaka kwenda, nitakuja kukuchukua siku utakayosema. Kama mkono wangu huutaki, binti anajua njia. Mjane anasema ukija upite nyumbani kwake, kuna ile rula ameiweka kando kwa ajili yako. Kama nami nipite, hakusema, nami sikuuliza.

Msalimie wifi, mwambie asinipigie mpaka wewe uruhusu. Watoto wanakusalimu na wanauliza mjomba atakuja lini. Nimewajibu kwamba sijui. Binti, ahsante na pole, nimekubebesha mzigo ambao si wako. Kaka, usiache dawa za presha, na asubuhi usitoke kifua wazi.

Ndimi mdogo wako,
uliyemwamini.