Fomu Moja Kati ya Saba

Jumatatu, 4 Februari 2019

Daktari kasema ni wiki chache, si miezi. Kasema huku akitazama saa yake. Moyo umechoka kusukuma, maji yanapanda mapafuni, basi. Nikamwambia asante, sasa nenda ukale. Akacheka. Humu ndani ya nyumba ya wazee wanacheka kwa kila ninachosema, kana kwamba ajuza wa miaka themanini na minne akitamka sentensi kamili ni kasuku.

Nesi Marlys ananiita "bibi kipenzi". Nimefundisha miaka thelathini na sita. Nina shahada mbili. Kipenzi! Na ananipangusa mdomo kabla sijamaliza kutafuna.

Barua imekuja kutoka shuleni. Wamejenga chumba kipya cha masomo ya maisha ya familia na afya kwa watoto wa elimu maalumu. Kitaitwa Chumba cha Ardis Tveit. Sherehe Ijumaa ya wiki ijayo, saa saba mchana. Nitabebwa kwa gari la nyumba hii, nimefunikwa blanketi kama keki. "Mwanzilishi," wameandika. "Jasiri." Upuuzi mtupu. Nimeisoma, nikatapika uji.

Hapana. Kwa kuwa hakuna atakayesoma daftari hili, niseme kweli: kwanza nilifurahi. Nilifurahi dakika nzima. Kisha ndipo nikatapika.

Jumatano, 6 Februari

Theluji tena. Chakula cha mchana: tambi na nyama ya kusaga, zimeokwa mpaka zimesahau ni nini. Toivo Niemelä, mchimba madini mstaafu anayekaa mkabala nami, aliinua kijiko kwenye mwanga.

"Loreen! Kijiko hiki kina ukungu."

"Ni pumzi yako, Toivo. Funga mdomo."

Loreen Zupancic anafanya kazi hapa chumba cha kulia. Anapanga vijiko, anafuta meza, anajua nani hapewi chumvi. Ana miaka hamsini na miwili. Nilimfundisha katika darasa langu la watoto waliochelewa akili. Ndivyo tulivyowaita wakati ule, na tulijiona waungwana. Mkono wake wa kushoto una kidole gumba na cha shahada tu. Vingine baridi ilivichukua Februari 1979.

Nikamuuliza kama amesikia habari za chumba.

"Nimesikia. Rudi atasoma hotuba." Rudi ni kaka yake, mwenyekiti wa bodi ya shule. "Atasema Mama alikataa."

"Na wewe unasemaje?"

"Mama alitia sahihi. Mezani. Kalamu ya bluu. Mikono yake ilikuwa na unga."

Miaka arobaini anasema hivyo. Maneno yale yale, hayazidi, hayapungui. Na miaka arobaini watu wakinigeukia kuniuliza, mimi hutabasamu na kusema: Loreen huchanganya mambo, maskini.

Ijumaa, 8 Februari

Niandike sasa, mkono ukiwa bado unanitii.

Jimbo lilileta masomo yale kwa shule zote. Mwili, kuvunja ungo, usafi, nani aruhusiwe kukugusa na nani asiruhusiwe. Wazazi walipelekewa fomu ya ridhaa. Katika madarasa ya kawaida, fomu isiporudi, ilihesabiwa mzazi amekubali. Katika darasa langu, fomu isiporudi ilihesabiwa amekataa. Utaratibu wetu huo! Tuliuona una busara. Watoto wanaojifunza upesi tuliwafundisha hata kama mzazi kalala. Watoto waliohitaji kuambiwa mara kumi, tulisubiri mzazi aje na sahihi.

Nilikuwa na watoto saba. Fomu tano hazikurudi. Moja ilirudi imekataa, ina aya ya Biblia pembeni. Moja ilirudi imekubali. Ivana Zupancic, mama yake Loreen, mfuaji wa nguo hospitalini. Kalamu ya bluu. Kulikuwa na alama ya unga kwenye kona.

Mwalimu mkuu, Bwana Brekke, alikuwa amesema: hata akikubali mmoja, utafundisha. Kwa hiyo kwa sababu ya karatasi ile moja ningesimama mbele ya ubao, mwanamke wa miaka arobaini na minne asiyewahi kuguswa na mtu, nitamke yale maneno mbele ya mtoto mmoja ambaye, kwa maoni yangu, asingeelewa lolote. Niliona aibu. Niliona na uvivu. Sina sababu kubwa zaidi ya kutoa, ingawa nimeitafuta. Niliichana fomu vipande vinne, nikaitupa kapuni, juu ya maganda ya chungwa langu. Nikamwandikia Brekke: hakuna aliyekubali.

Wiki tano baadaye Loreen alivunja ungo shuleni, miaka kumi na miwili, chooni, peke yake. Hakujua ni nini. Alidhani anakufa. Alivua glavu zake zote mbili akazitia ndani ya suruali kuzuia damu, akatoka mlango wa nyuma kwenda kumtafuta mama yake afe akiwa naye. Nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri. Maili mbili na nusu. Mkono wa kulia aliuficha ndani ya koti akishikilia tumbo. Wa kushoto aliutumia kushika uzio, asianguke.

Brekke aliniuliza swali moja: "Mama yake alikataa, siyo?"

Nikasema: "Alikataa."

Neno moja. Limetosha mji mzima.

Ivana alikuja darasani kwangu na koti la kazini, linanuka dawa ya kufulia. "Mwalimu, mimi nilitia sahihi. Imekwenda wapi?" Nikamwambia, kwa upole—upole wangu ule!—pengine umesahau, mama, una mengi. Rudi alikuwa na miaka kumi na saba. Alimwita mama yake mwongo, akahama nyumbani. Hakusema naye miaka kumi na mmoja. Alirudi kumzika.

Na mimi? Mwezi uliofuata nilianza kufundisha masomo yale kwa darasa zima, bila kungoja fomu ya mtu. Nilifundisha miaka kumi na saba, vizuri kuliko yeyote katika jimbo hili. Nilitumia picha, wanasesere, nyimbo. Nilipewa bamba la shaba. Ndiyo ujasiri wangu huo wanaoupa chumba.

Jumapili, 10 Februari

Kwaya ya kanisa imekuja kutuimbia. Sauti nne, kila moja na wimbo wake. Miguu imevimba kama maboga. Sikulala kitandani, nimekaa kitini. Nikilala chali nazama.

Jumanne, 12 Februari

Rudi kaja na hotuba yake. Anataka niisahihishe! "Kalamu nyekundu, Mwalimu, kama zamani," akasema, mzee wa miaka hamsini na saba, kofia mkononi. Amenenepa. Ameniletea na potica, mkate mtamu wa kokwa za jozi wa kwao, wa dukani. Mkavu.

Nikaisoma. Ukurasa wa pili: *Mama yangu alikuwa mtu wa kuogopa mambo mapya. Alikataa, na dada yangu akalipa. Bi Tveit alihakikisha hakuna mtoto mwingine atakayelipa.*

"Una hakika unataka kusema hili mbele za watu?" nikamuuliza.

"Ni kweli, Mwalimu."

"Loreen anasema—"

"Loreen!" Akatabasamu. Lile tabasamu ni langu, alijifunza kwangu. "Wewe mwenyewe ulituambia. Anachanganya."

Mdomo niliufungua. Mungu ni shahidi kwamba niliufungua. Kisha nikasema: "Hapa weka mkato."

Mkato! Nimesahihisha mikato minne na herufi kubwa moja, nikamrudishia. Akanibusu kwenye paji la uso. Mwoga wa miaka themanini na minne, wiki mbili zimebaki, na bado anaogopa kukosa busu la mwenyekiti wa bodi.

Jumatano, 13 Februari

Nimemwambia Loreen. Sikupanga. Alikuwa anafuta meza yetu, na nikaona nikingoja nipate maneno mazuri nitakufa nikiyatafuta.

"Loreen. Mama yako alitia sahihi."

"Ndiyo."

"Fomu niliipata mimi. Nikaichana."

Kitambaa kikasimama. "Kwa nini?"

"Niliona aibu kufundisha."

"Aibu ya nini?"

"Ya kutamka yale maneno."

"Maneno gani?"

Toivo alikuwa ameacha kutafuna. "Hedhi," nikasema, chini chini.

Akanitazama kama anavyomtazama mtu aliyemwaga supu makusudi. "Hedhi," akasema, kwa sauti ya kufika jikoni. "Hedhi. Si ngumu." Uma wa Toivo ukaanguka.

Nikamwomba msamaha. Hakunipa wala hakuninyima. Alisema: "Nilidhani nakufa. Nilitaka kufia kwa Mama." Halafu: "Nina meza sita bado." Akaenda, akazifuta zote sita, pembe kwa pembe. Akarudi.

"Mwambie Rudi."

"Mwambie wewe, ukitaka. Una haki."

"Nimeshamwambia. Amechoka kunisikia. Mwambie wewe, una shahada."

Wakati wa chai Toivo aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Tveit, nimefanya kazi chini ya ardhi na wanaume wachafu miaka thelathini. Sijakutana na kitu kama wewe." Ni mara ya kwanza mtu kunipa heshima ya kweli humu ndani.

Alhamisi, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Wamebandika mioyo ya karatasi kila mlango. Mimi nimeongezewa na dubu wa kitambaa.

Loreen alimpigia simu kaka yake, naye Rudi akaja baada ya kazi. Marlys alikuwa ananipima presha. Sikungoja atoke. Nilisema yote: fomu, maganda ya chungwa, vipande vinne, Brekke, neno moja.

Rudi akabaki amesimama. "Nani amekutia haya kichwani, Mwalimu? Loreen?"

"Nilifanya mwenyewe, kwa mikono hii."

"Unajua, dawa hizi za moyo—"

"Rudi Zupancic, kaa chini!"

Akakaa. Akaniangalia, na niliona limemwingia. Niliona! Uso ulimlegea, akawa na miaka kumi na saba. Akasema, "Kama ni kweli, basi mimi, ile miaka yote, Mama alipokuwa anakuja kugonga kwangu na mimi—" Alishika magoti yake. Kisha nikaona akikifunga kile kitu ndani, taratibu, kama mtu anayefunga duka. Akainuka. Akanipigapiga mkono.

"Umechoka, Mwalimu. Pumzika."

Mlangoni akamwambia Marlys, akidhani sisikii: "Anachanganya mambo, maskini."

Marlys akaandika kwenye jalada langu. Saa moja baadaye akarudi: bibi kipenzi, daktari anasema kesho usitoke, akili imeanza kutangatanga, watakuletea video ya sherehe. Na keki!

Nilimtupia dubu. Hilo nalo ameandika.

Lazima nikiri, ujenzi wangu ni imara. Miaka arobaini nimewafundisha watu hawa ni nani wa kuaminiwa na nani wa kupigwapigwa mkono. Leo nimehamia upande wa pili, na mlango umefungwa sawasawa. Hakuna karatasi ya kuthibitisha. Nilihakikisha mwenyewe.

Ijumaa, 15 Februari

Saa sita na dakika ishirini. Naandika kwa penseli, magotini, nikiwa ukumbi wa mbele. Pumzi fupi.

Loreen hakufika kazini leo. Saa sita kaingia chumbani kwangu na gauni la kanisani na buti za theluji. Akavuta kiti cha magurudumu. "Twende. Rudi atasoma saa saba. Wewe sema, na mimi nitasema."

"Hawatatuamini, Loreen."

"Mimi hawaniamini kila siku," akasema. "Kaa vizuri, miguu ndani."

Amenivalisha koti juu ya nguo ya kulalia. Amenifunga skafu mpaka puani kama mtoto wa chekechea. Sikubisha. Toivo alitufungulia lifti kwa fimbo yake akasema kama atakuwepo mtu wa kupigwa, yeye aitwe.

Gari liko nje, moshi unatoka, dereva ameshawapakia wazee wanne walioalikwa. Lakini mlango hufunguka kwa namba, na namba anayo Marlys, na Marlys yuko mezani kwake mbele yetu.

"Loreen, mrudishe bibi chumbani."

"Hapana."

"Daktari amesema haendi. Anasema mambo yasiyokuwepo."

"Yalikuwepo."

"Mpenzi, ni mgonjwa. Amejitungia kwamba alifanya jambo baya zamani."

Nikasema mimi: leo ni Ijumaa, tarehe kumi na tano, mwaka elfu mbili na kumi na tisa, ulinipa vidonge sita asubuhi, kimoja kilianguka ukakiokota ukakirudisha kikombeni. Uliza lingine. Marlys akawa mwekundu. Dereva akapiga honi. Wazee wanne wako dirishani mwa gari wanatutazama kama sinema.

Rudi amepiga simu mezani kuuliza kama gari limeondoka. Marlys ameshika simu sikioni, amenitazama, amemtazama Loreen. Amesema, "Subiri kidogo, Bwana Zupancic." Ameiweka simu juu ya meza, haijakatwa. Nasikia sauti ya kaka mtu humo ndani, ndogo, inasema haloo, haloo.

Kisha ameinama, hakuinama kwangu. "Loreen," amesema, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, sauti anayotumia kwa madaktari. "Wewe ulikuwepo. Hebu niambie. Ilikuwaje?"

Miaka arobaini. Hakuna aliyewahi kumuuliza akitaka jibu. Tulimsikia tu.

Loreen hajajibu bado. Anafikiri. Dereva anapiga honi tena, na Marlys amemwonyesha kiganja, angoje. Loreen hapendi kuharakishwa.