Pii ya Chini na Pii ya Mbali

Mwalimu Wafula,

Mashine imewaka. Nimeona nikwambie hilo kwanza, kwa sababu najua hata huko uliko ungeuliza habari ya mashine kabla ya kuuliza habari ya watu.

Mimi niko tu. Tulikuzika kwenu Webuye, na mimi sikulia. Nilimshika mke wako mkono asije akaanguka, nikarudi Nairobi, nikafua nguo. Nakula kwa sababu ni saa ya kula. Nikisikia mtu akikohoa kama wewe njiani nageuka, halafu naendelea kutembea. Watu wa ploti yetu kule Makina wananiambia pole na mimi nawaambia asante, basi.

Ofisi yako hapa Kawangware, ulikonifundisha kuchapa, tuliifungua tena, mimi na mkeo Mama Naliaka. Yeye anasuka watu palepale mlangoni kama zamani, ila kichwa chake mwenyewe kimenyolewa. Kiti chako hakuna aliyekikalia. Nilikuwa nikichapa kazi za wateja nikiwa kwenye benchi langu, nimejipinda kama mtu anayechungulia kwa jirani, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Halafu stima ikapotea katikati ya kazi, ikarudi, ikapotea tena. Iliporudi mara ya mwisho, mashine ilibaki na skrini nyeusi na kamstari kanakopepesa. Nilizima, nikawasha, nikazima. Hakuna kitu.

Ungekuwepo ungeguna tu na kusema tuweke Windows upya. Lakini ndugu yako Simiyu alikuwa ameshasema kwenye matanga, mbele ya wazee, kwamba mke wako hajui kompyuta, kwa hiyo mashine itakaa bure na heri aiuze. Mama Naliaka alimwomba amwachie. Bila hiyo ofisi hana cha kumweka Kawangware wala cha kumsomesha Naliaka. Simiyu akamjibu atakuja Jumamosi na pikapu, akikuta inafanya kazi wataongea, akikuta imekufa anaipakia.

Sidii ya Windows ilikuwa kwenye droo. Kasha lake, lile lenye kibandiko cha ufunguo, zile herufi ambazo Windows huzidai kabla ya kuingia, unajua mwenyewe lilikoenda. Naliaka alilifunga kamba akalikokota kama gari mpaka likapotea mtaroni, na wewe ukacheka, ukajigonga kipaji cha uso ukasema ufunguo uko hapa. Ukaenda nao, Mwalimu. Nilimfuata fundi mmoja kule steji ya Kawangware 46, akaniambia ufunguo huwa umeandikwa pia ndani ya mashine, angeweza kuusoma kabla hatujaweka upya, mradi iwake. Nikamwambia haiwaki. Akasema pole.

Lakini mimi nilikuwa nao masikioni. Kila ulipoweka Windows upya uliusema kwa sauti, herufi kwa herufi, ukiuvuta kama mwanakwaya, na mimi kuliani kwako nikipanga karatasi za wateja. Nikauandika wote kama nilivyousikia. Mashine ikakataa. Nikaandika tena polepole. Ikakataa.

Ndipo nikakumbuka mdomo wako. Wewe hukuwahi kusema B maishani. Uliposema "papa yangu alikuwa polisi" nilikuuliza kama alikuwa polisi huko Roma, ukaniambia nilipe kwanza zile "silingi" zangu, vile sisi Wajaluo tunavyotamka shilingi, ndipo nikucheke. Kwenye wimbo wako kulikuwa na pii sita. Nyingine zilikuwa P, nyingine B, na zote zilitoka kinywani mwako sawasawa. Nikaanza kujaribu kubadilisha hii na ile. Kufikia mchana nilikuwa sijui tena nimejaribu ipi na nimeacha ipi. Sikukasirika hata. Nilikaa tu nikitazama ukuta.

Mama Naliaka akamaliza kichwa cha mteja, akaja, akakaa kwenye kiti chako. Alikaa tu kama mtu aliyechoka miguu. Akasema, "Achieng, wewe imba vile alikuwa anaimba. Mimi nitafinya."

Nikaimba, yeye akatafuta kila herufi kwa kidole kimoja. Pii ya kwanza sikusikia kitu, nikamwambia abahatishe B. Tulipofika ya tatu, ubavu wangu ulijikunja wenyewe kabla sijafikiri. Mwalimu, kumbe mwili wangu ulikuwa unangoja kiwiko chako. Meza ile ni nyembamba, na kwenye kibodi B iko chini katikati lakini P iko kule juu mwisho wa kulia, na kila ulipoifuata ulinipiga kiwiko na hukuwahi kusema pole.

"Hii ni ya mbali," nikamwambia. "Zile mbili za kwanza ni za chini."

Tukaanza upya. Pii ya chini, pii ya chini, pii ya mbali. Ubavu wangu ulikumbuka viwiko viwili tu. Tulipomaliza, mashine haikubisha. Ikaendelea.

Halafu ikauliza jina la mwenye mashine.

Hapo siku zote wewe uliandika Wafula bila hata kufikiri. Mama Naliaka akaligusa lile swali kwa kidole, akauliza kama jina likiingia linabaki. Nikamwambia linabaki.

"Basi langu linaanza na ile pii ya chini," akasema, na akaandika Beatrice. Miaka yote hiyo nilikuwa sijui kwamba anaitwa Beatrice.

Jumamosi Simiyu alikuja. Akaikuta inafanya kazi, na hilo halikumridhisha. Akasema hata kama inawaka, mashine ni ya marehemu. Mkeo hakubishana. Alinifanyia ishara nimfungulie pale panapoonyesha imesajiliwa kwa nani, akamwambia shemeji yake asome. Simiyu akasoma, akarudia kusoma, kisha akaomba chai. Pikapu iliondoka tupu.

Nilipaswa kufurahi. Lakini usiku huo nilipofumba macho niliona lile neno Beatrice pale lilipokuwa jina lako, na nikajua humo ndani hakuna tena Wafula popote, na mkono uliokufuta ulielekezwa na sauti yangu. Nikalia, Mwalimu. Nililia mpaka wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Lala salama. Nakuahidi nitamfundisha Beatrice mpaka achape bila kutafuta, na wakija tena kumsumbua watanikuta nimekaa hapo naye. Leo amechapa barua yake ya kwanza ya mteja. Ina makosa tele, na mteja anaingoja mlangoni, acha niende nikamsaidie.

Mimi wako,
Achieng