Mlango wa nyuma wa Land Rover

Kaliza, Shimwa wako, yaani mimi, kaumbuka leo. Usicheke.

Si unaijua Land Rover ya babu tunayoifufua hapa nyumbani Kicukiro? Shimwa kaziba mikwaruzo ya mlango wa nyuma kwa puti, kapiga msasa, kapaka rangi. Kisha kwa mbwembwe: "Mzee, njoo uone kazi!"

Baba kagusa rangi mbichi. "Mikwaruzo ya hapa iko wapi?"

"Nimeimaliza yote!" Kwa FURAHA, Kaliza. Kwa furaha!

"Babu yako alitupima urefu hapa, akikwaruza alama kwa msumari. Mkwaruzo wa mwisho ulikuwa wa Umutoni, mwaka tisini na tatu."

Shangazi Umutoni. Yule aliyeuawa mwaka uliofuata, ambaye hatuna hata picha yake.

Hakunigombeza. Kasema tu, "Rangi iko sawa."

Sasa ananioshea brashi. Nimejifungia chooni.