Fundo la Majani ya Ng'ombe

Mpendwa kaka,

Shabani alikuja nyumbani Uru juzi. Nimeona nikusimulie mwenyewe, maana yeye angekutilia chumvi.

Unajikumbuka ulivyokuwa na vitu vyako? Hata viatu vya shule ulivipanga mlangoni vikitazama nje, na ole wangu nivisogeze. Kwa hiyo uliponunua boti ya kuvushia watu kule bwawani Nyumba ya Mungu, sikushangaa kuikuta imepangwa kama sebule ya mgeni. Kopo la kutolea maji, filimbi, kamba ya akiba, na yale majaketi ya kuelea ya rangi ya chungwa mliyoyaita maboya, vyote ulivikunja ndani ya turubai moja ukaliweka chini ya ubao wa mbele, ukalifunga kwa kamba ya nailoni. Shabani, mwenzako wa kazi aliyezaliwa huko huko bwawani, alikucheka mbele yangu.

"Mchaga, hii ni boti au kabati la mama yako?"

"Nikiyaacha wazi yataliwa na jua," ulimjibu, "na kesho hutayaona."

Fundo lenyewe lilikuwa la Mama. Alitufundisha wote wawili kule tambarare, tulipokuwa tukishuka naye kukata majani ya ng'ombe, kwa kuwa huku mlimani migomba na kahawa zimemaliza ardhi yote. Gandamiza mzigo kwa goti, zungusha kamba, pitisha chini, vuta mpaka majani yalie. "Ukifunguka njiani, mtamwambia nini ng'ombe?" alikuwa akisema. Tukipanda mlima ulikuwa ukichomoa majani kwenye mzigo wangu na kuyachomeka kwenye wako, Mama akitangulia. Nilijua. Sikuwahi kukushukuru kwa sababu nilidhani tuna muda.

Siku ile ya upepo hatukuwepo. Tulichonacho ni maneno ya Shabani, aliyoyasema msibani: maji yaliingia, mkakimbilia turubai, mkavuta wote wawili. Kamba ilikuwa imelowa. Kila mlipovuta, fundo lilizidi kukaza. Boti ikapinduka. Ukamsukumia yeye dumu tupu, akaelea nalo, na wewe hakukuona tena.

Boti ilipovutwa nchi kavu, mzigo wako ulikuwa bado chini ya ubao, umefungwa vizuri kabisa. Mama alilitambua fundo kabla hajatambua kitu kingine. Akasema, "Hii ni mikono yangu."

Ulipoopolewa tulikuzika kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, karibu na babu, na mzigo ule Mama akaupandisha kwenye dari la jikoni akakataza usiguswe. Tangu hapo hajafunga majani. Jirani anatuletea kwenye gunia. Nimembembeleza, padri amekuja kukaa naye, mashangazi wamelia naye. Anaitikia tu, halafu anaiangalia mikono yake. Kaka, niliogopa kwamba tumezika mmoja na wa pili anatutoka tukimwona.

Ndipo Shabani akaja. Alipiga hodi akabaki amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Mama, ile boti nimeitengeneza. Nimeanza kuvusha watu. Naomba yale maboya."

Nilitaka kumfukuza. Mama akaniambia niushushe mzigo. Aliukalisha mapajani, akalishika fundo kwa vidole, akalivuta huku na huku. Lilimkatalia. Alijaribu mpaka kucha ikapasuka, nami nikashindwa kutazama.

"Nipe mundu," akasema.

Alikata kamba kwa mvuto mmoja. Maboya yakafunguka yakiwa yamekunjwa ulivyoyakunja wewe, yananuka moshi na samaki. Shabani aliyaminya moja moja, akajaribu mikanda na vifungo, moja lililoliwa na panya akaliweka kando. Akaanza kuyakunja. Mama akamshika mkono.

"Vaa."

"Hapa, mama?"

"Hapa hapa, nikuone. Na huko usiyafunge tena pamoja. Kila mtu avae la kwake, ndipo uwashe injini."

Basi, Shabani akateremka Uru nzima kavaa boya, mengine kayabeba begani, watoto wanamfuata wakiuliza mafuriko yako wapi. Ungekufa kwa kicheko. Mama alisimama kwenye mimea ya masale ya mpakani mpaka ile rangi ya chungwa ikapotea kwenye migomba. Mimi nililia kwa sauti, kama siku ya kwanza. Nilikuwa nimekukasirikia kwa unadhifu wako, nikaona kumbe ndio ninaoukosa kuliko vyote.

Jana asubuhi Mama alichukua mundu na kamba akaniambia, "Twende." Tukashuka tambarare. Alikata, akalaza majani, akagandamiza kwa goti. Alipofika kwenye fundo akasita. Kisha akazungusha, akapitisha chini, akavuta mpaka yakalia.

"Fundo hili ni la majani," alisema, akainama nimtwike.

Njiani, alipotangulia, nilichomoa majani kwenye mzigo wake nikayachomeka kwenye wangu. Alijua.

Pumzika, kaka. Ng'ombe jana alishiba.

Mimi mdogo wako,
uliyekuwa ukimpunguzia mzigo