Jina Kwenye Kitabu cha Kodi

Bukoba,
14 Novemba 1965

Dada yangu Kokushubila,

Pokea salamu zangu, na ukishazipokea keti chini, maana barua hii ni ndefu kuliko akili ya aliyeiandika. Sisi hapa wazima. Adventina anakusalimu, watoto wanakula kana kwamba kesho chakula kinapigwa marufuku, na mimi mgongo unaniuma kidogo, ugonjwa wa viti vya mikutano. Wewe je, goti limepoa? Na ule upepo wa mwezi jana ulikuachia migomba mingapi iliyosimama?

Dada, mdogo wako amekuwa mtu mkubwa. Usicheke. Wamenitia kwenye kamati ya fedha ya Halmashauri, na wiki iliyopita tumekaa siku tatu kupanga kodi ya nyumba ya mwaka ujao. Siku ya kwanza yote tuliimaliza kwa kubishana nyumba ni kitu gani. Mzee Bartholomayo, diwani wa kule visiwani Bumbire, alisimama akauliza: "Waheshimiwa, wavuvi wangu wamegeuza mtumbwi mbovu kifudifudi, wanalala chini yake. Hiyo ni nyumba au si nyumba?" Mwenyekiti akataka kujua kama una mlango. "Unatokea pande zote," akajibu Bartholomayo, "nadhani hata hapa Bukoba hamna nyumba yenye milango mingi hivyo." Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Siku ya tatu, watu wakiwa wamechoka, niliinua mkono mimi. Nikasema tufuate paa. Msonge wa nyasi usitozwe kitu. Bati na kuta za udongo, shilingi kumi. Bati na tofali, ishirini. Wakapiga makofi! Tangu darasa la nne sijawahi kutoa jibu likaniacha bila fimbo. Tukaongeza na huruma: mjane ambaye nyumba imeandikwa kwa jina lake mwenyewe anasamehewa, ila orodha ya wajane lazima isomwe mbele ya baraza zima ndipo ipite.

Makarani watafika Muleba, mpaka huko kwenu Kyamurembe, baada ya Krismasi, nyumba kwa nyumba, wakiandika jina la mwenye nyumba na aina ya paa. Ukiwaona usijifungie ndani.

Mimi ndugu yako mdogo,
Datius

*

Kyamurembe,
2 Desemba 1965

Mdogo wangu Datius,

Barua imefika na imenikuta mzima, ukiacha goti, ambalo sasa linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Msalimie Adventina, na watoto waambie shangazi yao anawawekea karanga. Barua yako nilimsomea jirani yangu Georgina, akasema huyo Bartholomayo ndiye aliyefaa kuwa mwenyekiti.

Nimefurahi kwamba umepigiwa makofi. Tata, baba yetu, angefurahi. Sasa nisikilize, waitu, ndugu yangu, bila mzaha.

Unajua nilivyofika hapa. Nilipomzika mume wangu na ndugu zake wakanionyesha njia, Tata alinirudisha nyumbani. Alinipa kona ya chini ya kibanja chake cha migomba mbele ya wazee wanne, wakanywa pombe ya rubisi, wakasema hapa ni pa Kokushubila mpaka afe. Wazee watatu wamekwisha kufa. Wa nne, mzee Mutalemwa, siku hizi ananiita kwa jina la mama yetu. Karatasi hakuna. Nyumba nimeijenga mwenyewe kwa karanga za rweya, miaka sita ya kulima kule kwenye nyasi ambako wanaume hawataki kupata mikono mibaya. Bati ishirini na nne nilizipandisha kutoka barabarani kichwani, mbili mbili. Wewe ulileta misumari. Sijaisahau misumari.

Na Protase, mtoto wa baba yetu mdogo, sasa akipita hapa huwa anatazama paa kwanza, ndipo ananisalimu.

Kwa hiyo nataka jina langu liandikwe kwenye hicho kitabu. Si kwa ajili ya msamaha. Wakisema nilipe, nitalipa. Nataka tu pawepo karatasi moja ya Serikali inayosema nyumba hii ni ya Kokushubila. Karani atakusikiliza wewe. Mwambie.

Dada yako,
Kokushubila

*

Bukoba,
10 Februari 1966

Dada mpendwa,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umekwisha kuanza kuchakaa. Huku wazima. Adventina alipatwa na malaria lakini sasa ananigombeza kwa sauti yake ya kawaida, ndio maana najua amepona.

Karani alikuja kwangu na daftari kabla ya kupanda huko kwenu. Nilimwambia aandike: Datius, wa Bukoba, nyumba ya bati na udongo, Kyamurembe. Ngoja, usinune kwanza. Fikiri pamoja nami. Ukiandikwa wewe, unaingia moja kwa moja kwenye orodha ya wajane, utake usitake. Orodha inasomwa. Mimi nimekaa pale mbele na tai yangu, ile ambayo Adventina anasema inanifanya nifanane na mbuzi aliyefungwa kwa ajili ya sikukuu, na karani anatangaza: "Kokushubila, Kyamurembe, mjane, hana uwezo." Bartholomayo atanigeukia mbele ya watu: "Mheshimiwa, kodi umeipanga wewe, kumbe wa kwenu hawalipi?" Nitatazama wapi? Mtoto wa Tata hasomwi kwenye orodha ya huruma nami nikiwa hai.

Basi kodi nitalipa mimi, kila mwaka, wewe ukae kwenye nyumba yako kama malkia. Kitabu ni karatasi tu, Dada. Anayelala chini ya bati ndiye mwenyewe, nani asiyejua?

Ndugu yako mdogo anayekupenda,
Datius

*

Kyamurembe,
1 Machi 1966

Datius,

Wazima hapa. Mvua zimeanza.

Nilikuomba wino, umenipa shilingi kumi. Sikukuomba shilingi kumi. Karani alipofika nilimtolea kiti na kahawa ya kutafuna, nikamwambia niko tayari kuandikwa. Akacheka kwa adabu, akanionyesha ukurasa. "Mama, nyumba hii imekwisha kupata mwenyewe." Alinisomea jina lako nikiwa nimesimama mlangoni pangu. Georgina alikuwepo. Akageuka, akaenda zake.

Umeionea huruma tai yako. Mimi hukunionea. Rekebisha kitabu hicho, Datius. Kwenda kwa karani si safari, mnakaa mji mmoja.

Dada yako,
Kokushubila

*

Bukoba,
21 Julai 1969

Dada yangu mpendwa,

Salamu kutoka kwa mtu asiyestahili kusalimu. Ni muda mrefu, najua. Umenitumia karanga mara tatu nami nimekutumia kimya mara tatu. Sote wazima. Mtoto wa tatu amechaguliwa kwenda sekondari. Akili hiyo ameitoa kwa mama yake, mimi nimechangia masikio.

Najua ninachodaiwa. Mwaka 1966 niliahidi mbele ya Adventina. Mwaka 1967 nilifika hadi mlangoni kwa karani, nikakuta foleni, nikakumbuka nina njaa. Mwaka wa jana karani alihamishwa, na aliyeshika nafasi yake alitaka barua, mashahidi na sababu ya kubadilisha jina. Hapo kwenye sababu ndipo nilipokwama.

Lakini sasa pumua. Umesikia redioni? Kodi zetu hizi za Halmashauri zinafutwa, mwakani hatutozi tena. Hakuna nyumba, hakuna kichwa, hakuna paa. Siku tatu zangu zile za busara zimekwenda na maji. Bartholomayo ananiambia nirudishe makofi. Vitabu vimerundikwa stoo, nami nakuhakikishia vitaishia kufungia sukari sokoni. Basi jambo letu limejimaliza lenyewe, Dada. Hakuna kitabu, hakuna kosa.

Nitakuja Krismasi.

Ndugu yako mdogo,
Datius

*

Kyamurembe,
3 Aprili 1970

Mdogo wangu Datius,

Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na Adventina na watoto. Krismasi tulikungoja. Mimi sina ugonjwa.

Jumatano walikuja watu wanne wa kamati ya kijiji, Protase akiwa mbele. Nilifikiri wamekuja kuniandika, maana sasa kijiji chetu kinakuwa cha ujamaa na wanaandika watu. Niliwatandikia mkeka. Protase akavua kofia, akasema, "Dada, tumekuja kushukuru. Ndugu yako amefanya jambo kubwa."

Nikasema, jambo gani?

Akatoa karatasi, akasoma. "Mimi Datius, diwani, mwenye nyumba ya bati iliyopo Kyamurembe, naitoa kwa hiari yangu kwa wanakijiji iwe ofisi na stoo yao." Ina tarehe ya mwezi Februari. Ni sasa Aprili. Nikamwambia Protase, hii nyumba kila mtu hapa aliniona nikiijenga, wewe mwenyewe uliniona na bati kichwani. Akasema, "Kuona tuliona, Dada. Lakini kitabu cha kodi hakisemi tulichoona." Wale wengine watatu walikuwa wakitazama mkeka.

Wamenipa siku saba, na wanaona ni hisani.

Protase alinionyesha saini. Nilijifunza kusoma kwa masista nikiwa mtu mzima, labda sijui vizuri. Niandikie upesi uniambie saini ile si yako. Ukisema si yako nitakuamini wewe, nitakaa ndani, waje wanibebe.

Dada yako,
Kokushubila

*

Bukoba,
19 Mei 1970

Dada,

Nimeianza barua hii mara nyingi. Adventina ameacha kuniuliza ninaandika nini.

Saini ni yangu.

Nakueleza ilivyokuwa, si ili unisamehe, ila usije ukaelezwa na Protase. Mwezi wa pili tulikaa mkutano wa chama kuhakiki mali za viongozi. Unajua sasa kiongozi hatakiwi kuwa na nyumba ya kupangisha. Nilikuwa nimetulia kabisa. Mwenye suruali mbili hana cha kuogopa. Kisha kijana mmoja akafungua kile kitabu. Hawakukifungia sukari. Akasoma: Ndugu Datius ana nyumba hapa mjini, na nyingine ya bati Kyamurembe, kodi amelipa mwenyewe miaka minne mfululizo. Akainua macho. "Na ndani ya hiyo ya pili anaishi mjane. Tungependa kujua, Ndugu, huyo mama anakulipa pango shilingi ngapi?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, Dada, ndivyo nilivyoumbwa.

Nilikuwa na maneno matatu mdomoni. Ni ya dada. Lakini nikaona swali linalofuata: kama ni ya dada, kwa nini diwani aliyepanga kodi hiyo kwa mkono wake alidanganya kwenye kitabu chake mwenyewe? Ningesema nini, kwamba niliona aibu? Ningetoka pale bila udiwani, labda bila chama. Nikasimama nikasema nyumba ile sina haja nayo, nilikuwa nimekusudia siku nyingi kuwapa wanakijiji. Wakanipigia makofi marefu kuliko yale ya mwanzo. Karatasi ikaandikwa palepale. Nami niliinama kidogo kuwashukuru.

Nilidhani watachukua mwaka mzima kufika huko. Kamati zetu sijawahi kuona zikiharakisha jambo. Nilidhani nitapata muda wa kukutafutia kitu.

Hapa kuna chumba, karibu na jiko, kina dirisha. Watoto wamekwisha kukipaka chokaa. Njoo, Dada, tafadhali. Nitakuja kukuchukua mwenyewe siku yoyote utakayotaja, na nitabeba kila kitu kichwani, watu wanione.

Mdogo wako,
Datius

*

Bukoba,
30 Agosti 1970

Dada mpendwa,

Natumaini u mzima. Sisi wazima.

Nilifika Kyamurembe Jumapili iliyopita. Mlango una kufuli. Nilimwuliza Georgina uliko, akaendelea kupepeta. Nilisimama pale mpaka akamaliza ungo wa pili, akaingia ndani. Hela nimemwachia Protase akuletee.

Nijibu hata mstari mmoja. Nitukane. Zamani ulikuwa unajua matusi mazuri.

Mdogo wako,
Datius

*

Kyamurembe,
17 Januari 1971

Kwa Diwani Datius,

Salamu. Natumaini mko wazima nyumbani kwako, Adventina na watoto wote, na yule wa sekondari anaendelea vizuri na masomo. Mimi pia mzima.

Hela ulizompa Protase zimo ndani ya bahasha hii. Zihesabu.

Nyumba inatumika. Chumba cha kulala wameweka mbolea, na mbele pale kuna meza ya katibu na picha. Juma lililopita upepo uling'oa bati moja, wakaja kuniuliza nilitumia misumari ya namna gani. Niliwaambia.

Ninaishi rweya. Georgina na akina mama walinijengea msonge kwa siku nne. Unavuja upande mmoja, nitauziba kiangazi. Nimeandikwa kuwa mwanakijiji. Mwandishi ni kijana mpole, aliandika mbele ya macho yangu: Kokushubila, mjane, msonge mmoja, karanga nusu eka. Nilisoma mwenyewe, hakukosea. Mwishoni pana nafasi ya jina la mtu wa kuitwa iwapo aliyeandikwa amekufa. Akasema, "Hapa tutaweka jina la mheshimiwa, sivyo?" Nikamwambia aandike Georgina.

Naye Georgina nimekwisha kumwambia. Watakuja watu wa ukoo wakitaka kunipeleka kibanjani nikalale karibu na Tata na mama. Asiwape. Nichimbiwe huku huku kwenye nyasi, na wewe usisumbuke kupanda gari.

Kokushubila