Mfadhili wa Genoveva

Gehandu,
Jumapili, 17 Agosti 2025.

Kaka Yoakimu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Lucia na watoto wote, na kwamba goti lako sasa linakufikisha shambani bila wewe kulilalamikia njia nzima. Mbaazi mmeshamaliza kuvuna? Na vitunguu saumu vya bondeni vimetoka vipi mwaka huu? Huku baridi ya mlimani haijaondoka, na upepo unatutilia vumbi mpaka kwenye chai. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, naamka, nafundisha.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Wiki hii nimekupigia mara tatu, na mara zote tatu ulipopokea nilikuuliza habari za ng'ombe, nikaaga. Ndiyo maana naandika. Nampa Pascal, dereva wa ile Noah ya abiria, akukabidhi mkononi hapo Dongobesh, nawe nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujaamua lolote juu yangu. Ni habari ya mwanao Genoveva. Ulipokuja kumchukua kwangu ulisema shule kwake imekwisha, kwamba mtoto wa darasa la saba anayetoroka kwenda kukutana na mwanamume stendi ameshajichagulia njia. Nilinyamaza. Mtihani wa taifa umebakiza wiki tatu na siku chache, na yeye yuko huko kwako anachunga.

Nianze mwanzo, maana hujaujua. Mwezi wa pili, kwenye kundi letu la walimu wa malezi kwenye simu, mtu alileta tangazo la mama mmoja aliyejiita Mama Perpetua. Alisema anawatafutia wafadhili watoto wa kike wa wakulima na wafugaji, wasomeshwe sekondari ya bweni bure. Picha yake ilikuwa ya mama mnene, kitambaa kichwani, rozari shingoni. Nilimwandikia siku hiyo hiyo. Alijibu kwa upole, akanibariki, akanipa pole ya kazi. Kaka, miaka kumi na moja niko hapa, na sikumbuki mzazi aliyewahi kunipa pole ya kazi. Aliomba mtoto mmoja: jina, umri, kijiji, alama zake na picha. Darasani wapo wenye shida kumzidi Genoveva, tena wengine wanakuja na njaa asubuhi. Lakini mwamba ngoma huivutia kwake. Nilimvalisha gauni lake la kipaimara, nikampiga picha mlangoni pangu. Yule mama akauliza na tabia yake, nami nikajibu kwamba ni mtoto mtiifu, hakatai mkubwa.

Mwezi wa tano ukaja mzigo kwa basi. Ndani mlikuwa na simu ya tachi, na ujumbe kwamba ni ya masomo, na kwamba yeye na Genoveva, aliyemwita binti yake, wazoeane kabla shule haijafunguliwa. Pale ofisini kwangu kuna bango nililoliandika mwenyewe kwa wino mwekundu, linalowaambia watoto wasizungumze mtandaoni na mtu wasiyemjua. Nilikaa chini ya bango hilo nikimwandikia Mama Perpetua kumshukuru. Sikuona tatizo. Nilihesabu kwamba namjua, kwa sababu nilikuwa nimeandikiana naye miezi mitatu.

Ijumaa ile ya tarehe mosi unaijua kwa jinsi ulivyosimuliwa na watu. Sasa sikia nilivyosimuliwa mimi na Konsolata, mama anayeuza chai stendi ya Katesh. Nilimfuata wiki iliyopita na kuku wa shukrani. Alisema alimwona mtoto akishuka kwenye gari peke yake, amevaa sare, begi mgongoni. Akaja mwanamume mwenye shati safi, akamwita kwa jina. Mtoto akasema shikamoo. Konsolata aliniambia amekaa pale muda mrefu na anajua mtoto anavyomwamkia mjomba wake, na anavyomwamkia mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Hiyo ndiyo iliyomfanya aangalie. Yule mtu akachukua begi, mtoto akafuata. Walipofika mlangoni mwa gari Genoveva akasimama. Hakupiga kelele, hakukimbia. Alisimama tu, kama mbuzi anayekataa kuvuka maji.

Konsolata akaacha birika, akaenda kumuuliza mtoto, mtu huyu ni nani wake. Mtoto akasema ni mtu wa Mama Perpetua. Alipoulizwa huyo mama naye ni nani, akasema ni wa kwenye simu. Wamama wengine wakasogea. Yule mtu akasema anapokea simu mara moja, akaingia kwenye gari na kuondoka, begi akaliacha chini. Mpaka leo hajapatikana. Daktari alimpima mtoto na hakukuta jeraha lolote. Hilo wifi Lucia alijue vizuri na alale.

Askari wa dawati la jinsia na watoto aliniambia kwamba hakuna Mama Perpetua. Namba haipatikani tena, na ile picha ni ya mama wa nchi nyingine ambaye wala hajui habari hizi. Inawezekana kabisa, akasema, kwamba aliyejiita hivyo ni yule yule mwenye shati safi; ndiye basi aliyekuwa akinibariki miezi yote hiyo. Wakati ananieleza nilikuwa naangalia kalenda ukutani nyuma yake. Ilikuwa bado iko mwezi wa tano, nami nikawa najiuliza kwa nini hakuna anayeifunua. Tangu hapo niko hivyo. Silii. Nasahihisha madaftari, naweka alama, nasonga ugali, nakula nusu. Naona aibu, lakini hata aibu yenyewe naiona kwa mbali.

Ujumbe uliobaki kwenye simu ya mtoto polisi wameusoma. Mwanzoni ni hesabu na Kiingereza. Baadaye anaambiwa mambo mengine asimwambie shangazi. Halafu anaombwa picha ambazo sitaziandika hapa. Kaka, mwanao alikataa. Alikataa mara tatu, kwa maneno ya heshima, kama tulivyomlea.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, nami yangu imefika mwisho. Genoveva hakutoroka. Mwezi wa saba alinikuta jikoni nachambua maharage, akasema hataki tena kuongea na yule mama. Sikumuuliza kwa nini. Mama Perpetua alikuwa ameshaniandikia jana yake kulalamika kwamba binti ana kiburi na hajibu vizuri, na kwamba kuna watoto wengine wanaongoja nafasi hiyo. Nikamwambia mtoto hana shukrani. Nikamsimamisha mbele yangu, nikamshikisha simu, nikamwamuru amwamkie na kumwomba radhi kwa ujumbe wa sauti, nisikie. Alisema shikamoo, akaomba radhi. Sauti yake ilikuwa ndogo, nikamwambia arudie.

Siku ya Ijumaa ni mimi niliyempandisha kwenye gari la Katesh. Nilikuwa nimeandikiwa kwamba dereva atampokea stendi, akapimwe sare za kidato cha kwanza, na jioni arudishwe. Nilitaka kwenda naye, lakini tulikuwa na mkutano wa wazazi na mzungumzaji nilikuwa mimi. Nilikuwa nawafundisha wazazi jinsi ya kuwalinda watoto shuleni na mtandaoni. Nilikuwa nimesimama mbele yao ndipo mwalimu mkuu, Mwalimu Godlisten, akaingia na kusema polisi wamepiga simu kutoka Katesh, wana mwanafunzi wetu. Watu wote wakanigeukia. Nikasema atakuwa ametoroka. Neno lilitoka lenyewe, na lilipotoka nikalishikilia. Jioni hiyo nikafuta kwenye simu yangu yote niliyoandikiana na yule mama.

Walipomleta, nililirudia neno lile mbele yake. Aliniangalia, halafu akaangalia chini. Ulipokuja Jumapili ukaiona ile simu, ukasema amehongwa na mwanaume. Simu ile nilimpa mimi. Ulipomchapa mlangoni kwangu, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, na angeweza kunionyesha kwa kidole tu. Hakufanya hivyo. Tumemfundisha wenyewe kwamba mtoto hamsemi mkubwa, na yeye anashika anachofundishwa.

Juzi Ijumaa nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza yote, halafu nikaenda Katesh nikaandika maelezo na kuwaachia simu yangu, waone kama yaliyofutwa yanarudi. Kazi ya malezi nimevuliwa, amepewa Mwalimu Mectilda, yule aliyehamia kutoka Bukoba. Wilayani nitaitwa. Yatakayokuja yatakuja, na sikuandikii unitetee. Genoveva bado amesajiliwa na namba yake ya mtihani ipo. Mwalimu Mectilda amekubali akae kwake, si kwangu, mpaka amalize. Nakuomba umrudishe wiki hii, kaka. Hasira yako ni ya haki, ila uliielekeza kwa asiyehusika, nami nilikuachia.

Nakuomba pia umwite umwambie kwa kinywa chako, na mama yake akiwepo, kwamba hakukosa. Mwambie alivyokataa alifanya vizuri, na hata kama anayemtaka jambo baya ni baba, ni mwalimu, ni padri au ni mimi, akatae tena. Mimi nimejaribu kuyaandika kwenye karatasi yake peke yake na nimeshindwa, kwa sababu sijui nianze kumsalimia vipi.

Nisalimie wifi Lucia, na bibi wa jirani, na wote wanaoniulizia. Kwa sasa usiwafiche wakiuliza niko vipi. Mungu awalinde hapo nyumbani. Jumamosi nitakuja mwenyewe na gari la asubuhi, unihukumu uso kwa uso. Kama Genoveva atakuwa bado yuko hapo na akaniona naingia, akabaki amekaa bila kuniamkia, usimwamuru.

Ni mimi mdogo wako,
Marieta.